Weita wa Potsdamer Platz

Baunsa alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akatikisa kichwa mara moja, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Basi, yakawa yameisha. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ile saa moja na dakika arobaini, baridi ya Januari ikiniingia mpaka kwenye kucha, na hukumu yangu haikuchukua hata muda wa mtu kupiga chafya.

Sitaitaja klabu yenyewe. Wala sitasema nilikataliwa kwa ajili ya rangi, maana Wataliano watatu waliokuwa mbele yangu, weupe pe, nao walirudishwa vilevile. Mjini Berlin kumkataa mtu mlangoni ni desturi, na wenyeji wanaiona kuwa sehemu ya starehe. Tatizo ni kwamba sababu hutaambiwa. Labda viatu. Labda nilitabasamu mno, kama tunavyofanya tukiwa wageni. Labda ni hilo unalolifikiria wewe, ndugu msomaji. Ukiwa peke yako ugenini, saa nane za usiku, swali la namna hiyo unakwenda nalo mpaka kitandani.

Hiyo ilikuwa Januari 2025. Safari yangu hasa ilikuwa ya Denmark, kusoma, lakini nilikata tiketi ya ndege ya kuishia Berlin ili nikae hapo siku tisa, kisha nimalizie kwa basi. Baba mdogo alinicheka sana. "Wenzio wakienda mamtoni wanaanza kutafuta, wewe unaanza na disko!" Hakukosea. Mimi ni mtoto wa Kinondoni. Nimekua nikisikia habari za Bilicanas kutoka kwa kaka zangu, na lile jengo la mtaa wa Mkwepu lilipobomolewa, mimi ndiyo kwanza nafikisha umri wa kuruhusiwa mlangoni. Nikajiapiza kwamba usiku nilioukosa nyumbani nitaufidia majuu.

Na nani asiyezijua sifa za Berlin? Mji usiofunga. Sifa hiyo ina historia yake, na historia yenyewe ina chupa ya wiski ndani. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji uligawanywa kati ya mataifa manne, na wakubwa wa majeshi wakawa wanashindana hata kwa saa ya kufunga mabaa. Upande mmoja ukiongeza saa, walevi wanahamia huko pamoja na fedha zao. Inasimuliwa kwamba mwaka 1949 mwenye hoteli mmoja, Heinz Zellermann, alimwendea kamanda wa Kimarekani, Frank Howley, na chupa yake mkononi, akamshawishi kwamba dawa ni kuifuta kabisa saa ya kufunga. Ikafutwa. Tangu hapo Berlin ya Magharibi ikawa haina mtu wa kuwaambia watu nendeni mkalale, na ukuta ulipoanguka mwaka 1989 ruhusa hiyo ikasambaa mji mzima. Hata leo utamwona mtu anaingia klabu Jumamosi usiku, anatoka Jumatatu asubuhi, macho mekundu, anakimbilia treni ya kazini.

Usiku wa pili nilijaribu pengine, chini ya ardhi, karibu na Kottbusser Tor. Hapo nikaingia. Kijana wa mlangoni alibandika stika kwenye kamera ya simu yangu, wasije watu wakapigwa picha, kisha akanionyesha ngazi za kushuka. Kabla ya ukumbi kuna dirisha la makoti. Nikalivua langu, na katika kuhangaika na chenji sarafu zikanitoka mkononi zikaviringika chini. Nikasonya, nikalaani kwa Kiswahili.

"We! Lugha hiyo usiitumie mbele ya mama yako."

Nikainua kichwa. Nyuma ya dirisha, katikati ya mamia ya makoti meusi, alikaa mama mmoja wa makamo, mtandio begani, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo mama," nikasema, na nadhani sijawahi kuitoa shikamoo kwa moyo namna ile.

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Dar. Kinondoni."

"Mimi wa Tanga, Chumbageni. Haya, okota senti zako, watu wanangoja."

Sikucheza sana usiku ule. Kila foleni ya makoti ilipopungua nilirudi dirishani. Nikamweleza yaliyonikuta jana yake. Akaniuliza nilivaa nini. Nikamwambia: suruali nyeusi ya kitambaa, shati jeupe, viatu vya ngozi, nguo zangu nzuri za kutokea. Mama akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Uliwaendea kama weita, mwanangu! Hapa watu wanavaa matambara kwenda kustarehe. Wanaovaa vizuri ndio wanaohudumu."

Kisha akanyamaza, akapokea makoti mawili, akatoa namba, akarudi kwangu na sura nyingine. "Huyo weita mwenyewe wa kwetu umeshamwamkia?"

Sikumwelewa. Akasema kulikuwa na mtu wa Dar es Salaam aliyehudumu pale Potsdamer Platz, kwenye jumba kubwa la starehe, kabla mimi na yeye hatujazaliwa. "Jina lake limo chini, Brunnenstraße, namba 193. Ukipita tazama unapokanyaga." Wateja wakaja kundi zima, na maongezi yakaishia hapo.

Siku zilizofuata mchana wangu ukawa wa historia, usiku wa miziki. Kijerumani changu ni cha kuungaunga, lakini kinatosha kusoma kwa kamusi. Na kuhusu mtu huyu yapo ya kusoma: mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst alimwandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2007, na mwaka 2013 Eva Knopf akatengeneza filamu juu ya maisha yake. Sisi kwetu, nijuavyo mimi, ukiwauliza vijana kumi wa Posta wote kumi watakuuliza, "Nani huyo?" Mimi ningekuwa wa kumi na moja.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 akapewa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Ulaya alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan katika jeshi la Wajerumani, mwenye cheo cha efendi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, mtoto wa miaka kumi akaingia jeshini pamoja na baba yake, akafundishwa kupeleka ishara za kijeshi. Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, kule Lindi, katika mapigano makali kupita yote ya vita ile katika nchi yetu, akatekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Nimepita mara ngapi pale Sanamu ya Askari, kwenye makutano ya Samora na Maktaba, nikiwa nimening'inia mlangoni kwa daladala? Sanamu ile iliwekwa na Waingereza mwaka 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa upande wao. Huyu alikuwa wa upande ulioshindwa. Hana sanamu.

Vita ilipokwisha akawa mtumishi kwenye meli za abiria. Vijana wa miaka ya tisini waliita kuzamia. Yeye hakuzamia, aliajiriwa, lakini bahari ni ileile na ndoto nadhani ni ileile. Mwaka 1929 alifika Berlin na shauri moja: alikuwa akiidai serikali ya Ujerumani mishahara ya jeshi, yake na ya marehemu baba yake. Akaenda Wizara ya Mambo ya Nje. Dai likakataliwa. Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye akabaki, na mtu anayebaki katika mji ule lazima ale, na kazi aliyoipata ilikuwa ya usiku.

Hapo ndipo linapoingia jumba lenyewe. Liliitwa Haus Vaterland, maana yake Nyumba ya Nchi ya Baba, na kampuni ya Kempinski ililifungua upya mwaka 1928 likiwa si baa moja bali dunia nzima iliyowekwa chini ya paa moja. Chumba cha Kituruki cha kahawa, chumba cha Kihispania cha mvinyo, chumba cha Kihungari, chumba cha chai cha Kijapani, baa ya kimagharibi ya Marekani ambamo Sidney Bechet, yule mpiga saksofoni na klarineti wa New Orleans, alipata kupiga. Kulikuwa na ukumbi wenye mandhari ya Mto Rhein, na humo kila saa taa zilififia, radi zikapiga, mvua ya bandia ikanyesha nyuma ya kioo, kisha jua likatoka na watu wakashangilia. Mwaka wa kwanza peke yake waliingia kiasi cha watu milioni moja. Mjerumani wa kawaida, karani au fundi cherehani, aliweza kwa usiku mmoja kuzunguka dunia bila pasipoti.

Na katika dunia ile ya bandia walihitajika watu wa kweli wa kubeba sinia. Mohamed Husen alikuwa mmoja wao. Weita mweusi alikuwa sehemu ya mapambo, kama ile radi na ile mvua. Sisemi hivyo kumdhalilisha. Nasema kwa sababu ndivyo biashara ilivyokuwa, na fedha yake aliihitaji. Kwa upande mwingine alikuwa akifundisha Kiswahili chuo kikuu, chini ya Profesa Diedrich Westermann. Hebu fikiri: jioni anainamisha kichwa kuuliza "bwana atakunywa nini," mchana anawasahihisha wasomi ngeli. Aliigiza pia, katika filamu zaidi ya 20, nyingi akiwa mtumishi au mpagazi.

Januari 1933 alifunga ndoa na Maria Schwandner, mwanamke mwenye asili ya Bohemia. Siku chache baadaye Hitler akashika serikali. Mwaka 1934 Husen aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa Vita Kuu, akanyimwa. Mwaka 1935 akapoteza kazi Haus Vaterland. Mwaka huohuo jazi, ambayo wakubwa waliiita muziki wa watu weusi kwa jina la matusi, ilipigwa marufuku redioni. Wenye jumba hawakupona pia: familia ya Kempinski walikuwa Wayahudi, na mwaka 1937 mali yao ilikuwa tayari mikononi mwa wengine.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyoninyima usingizi kuliko baridi. Nilipoanza kusoma nilitaka mtu wa kujivunia. Lakini Husen hakuwa mpinzani wa ukoloni. Alivaa sare ya askari kwenye mikutano ya Wajerumani waliotaka koloni zao zirudishwe. Alisafiri na maonyesho ya kibiashara ya Waafrika yaliyotumika kuzisifu koloni hizo. Na filamu yake ya mwisho, ya mwaka 1941, inaitwa Carl Peters. Ndiyo, yuleyule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, aliyezunguka Usagara na mikataba yake ya ulaghai, na Februari 1885 akapewa hati ya Kaisari siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika. Katika filamu hiyo Peters ni shujaa, na mtu wa Dar es Salaam anaigiza kama msaidizi wake mwaminifu.

Nilikasirika. Nilitembea kutoka Potsdamer Platz mpaka Wilhelmstraße, mahali lilipokuwa jumba la mkutano ule, mwendo wa dakika chache tu, nikigombana naye kichwani kama mtu anayegombana na mjomba wake. Ulishindwa kukataa? Hukujua alichotufanyia? Kisha nikakumbuka kwamba kisheria watu wa koloni hawakuhesabiwa kuwa raia wa Ujerumani, na koloni yenyewe haikuwepo tena. Mtu huyu hakuwa na nchi ya kumtetea. Alikuwa na mke, watoto, na sare ya kale. Nishani ile, sare ile, hata filamu ile, nadhani alizishika kama sisi tunavyoshika makaratasi ya uhamiaji: huangalii karatasi imeandikwa nini, unaangalia kama itakupitisha mlangoni. Inawezekana namtetea mno. Inawezekana pia aliamini kila alichosema. Sijamaliza kugombana naye.

Haikumpitisha. Mwaka 1941 walimkamata kwa kosa walilolibuni wenyewe, kosa la kuichafua damu ya Kijerumani, kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu. Hakufikishwa mbele ya hakimu. Walimpeleka kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Kutoka Potsdamer Platz, alikokuwa akibeba sinia, treni ya S1 inakufikisha Oranienburg, penye kambi hiyo, bila kubadilisha. Chini ya saa moja. Nilikwenda. Theluji ilikuwa imefunika uwanja wote, na sikuwa na la kusema huko wala hapa.

Ama Haus Vaterland, mabomu yaliliteketeza mwaka 1943, likawaka tena katika ghasia za Juni 1953, na gofu lake likabomolewa mwaka 1976. Leo hapo pana jengo la kisasa, na wafanyakazi wake wanatoka nje kuvuta sigara bila kujua wamesimama kwenye mvua ya Rhein.

Jumamosi nikaenda Tresor. Hii naitaja kwa sababu waliniingiza bila maswali (mara hii nilivaa fulana, mama wa makoti alikuwa amenifunda). Klabu hii ilifunguliwa mwaka 1991, ukuta ukiwa umeanguka karibuni tu, ndani ya chumba cha chuma cha kuhifadhia fedha chini ya lililokuwa duka kubwa la Wertheim, Leipziger Straße. Familia hiyo nayo ni ya Kiyahudi na nayo ilinyang'anywa. Kutoka hapo mpaka ilipokuwa Haus Vaterland ni hatua chache. Mwaka 2005 ilifungwa, na mwaka 2007 ikahamia kwenye mtambo wa zamani wa umeme, Köpenicker Straße, na kule chini waliyahamisha masanduku ya chuma yaliyokula kutu. Huko ndiko nilikocheza, gizani, moshi umetanda, siuoni hata mkono wangu.

Nataka wenzangu mnaofikiri tekno ni muziki wa wazungu mlijue hili: ulizaliwa Detroit, Marekani, miaka ya 1980, mikononi mwa vijana weusi kama Juan Atkins. Waliofuata, kama Jeff Mills na kundi la Underground Resistance, walivuka bahari na kuipa Tresor ile ya kwanza moto wake. Mwaka 2024 Ujerumani iliiandika tekno ya Berlin katika orodha ya urithi wake wa utamaduni. Nilifurahi na nikacheka peke yangu humo gizani. Mwaka 1935 walifukuza, miaka themanini na tisa baadaye wanaandikisha urithi.

Nilicheza mpaka saa moja asubuhi. Nisidanganye, ilikuwa starehe ya kweli. Hakuna aliyenitazama, hakuna aliyeniuliza natoka wapi, mwili ulisahau baridi na mkopo wa baba mdogo. Nilipotoka nikapanda treni ya U8 nikashuka Rosenthaler Platz, nikapanda Brunnenstraße nikihesabu namba. Mabaa yalikuwa yanamwaga watu wa mwisho. Wasichana wawili walikuwa wamekaa kizingitini wanakula chipsi. Mbele ya namba 193, katikati ya mawe ya njia, kuna kijibamba cha shaba cha sentimita 10 kwa 10, kilichowekwa mwaka 2007. Vibamba vya aina hii viko Berlin kila mtaa, kila kimoja mbele ya nyumba ya mtu aliyeteswa au kuuawa na utawala ule. Jina lake limo, na mwaka 1904, na Sachsenhausen.

Kilikuwa na matope na kokoto za kuzuia utelezi. Nikachuchumaa, nikatoa kitambaa cha pua nikakisugua mpaka jina likasomeka. Msichana mmoja akaniuliza kwa Kiingereza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, huyu ni mtu wa mjini kwetu. Akasogea akasoma, akanipa chipsi. Tukakaa kimya tunakula, Mohamed Husen chini ya miguu yetu.

Nilisahau kukuambia: Agosti 2024, miezi mitano kabla sijafika, kule Wedding barabara iliyobeba jina la Peters ilibadilishwa. Kipande kimoja kilipewa jina la Anna Mungunda wa Namibia, kingine sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nilikwenda kupiga picha kibao. Nilimpelekea baba mdogo, akajibu, "Kumbe umekwenda kusoma."

Usiku wa tisa nilipita kwa mama wa makoti kumuaga. Hakunitoza. Alinifungia maandazi kwenye mfuko, akaniuliza kama huko niendako nina kazi. Nikamwonyesha ujumbe wa mshikaji wangu wa Copenhagen, uliokuwa umeingia jioni ile. Amenipatia deiwaka ya jioni mara tatu kwa wiki, kuhudumia kwenye ukumbi wa karamu, baada ya masomo. Naanza Ijumaa. Wanataka suruali nyeusi na shati jeupe.

Mama akausoma mara mbili, akanirudishia simu.

"Shati unalo," akasema. "Lipige pasi."